Mgombea wa Mtaa wa Seng'enge

Katika mtaa wetu watoto walimwamkia "Shikamoo Mgombea" kabla hawajajua mgombea ni kitu gani. Naye aliitikia "Marahaba" bila kuinua macho kutoka kwenye gogo lake la kukatia nyama, kana kwamba jina hilo alipewa na baba yake mzazi. Alikozaliwa sikujui. Mimi nilipoletwa pale kuolewa, pembezoni mwa Kahama, njia ya kutokea Nyahanga, nilimkuta tayari ana bucha yake yenye dirisha moja lililotazama barabara, na tayari ameshashindwa uchaguzi.

Kila ulipotangazwa uchaguzi, uwe wa balozi wa nyumba kumi, wa mwenyekiti wa tawi la Chama au wa kamati ya shule, yeye alisimama. Na kila matokeo yaliposomwa, alikuwa ameshindwa. Nimekaa naye jirani karibu miaka ishirini nikitafuta kujua jambo hilo moja: mtu anapata wapi nguvu ya kushindwa namna ile?

Huwezi kumwelewa bila kukielewa Chuo. Kilikuwa chuo cha ualimu, kikubwa, chenye majengo ya vigae, jenereta, zahanati na malori mawili, na mtaa wetu ulikiegemea kama kupe kwenye ng'ombe. Aliyelima nyanya aliwauzia wakufunzi. Aliyefuga alipeleka maziwa. Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa fundi wa jenereta yao. Chakula changu na cha wanangu kilitoka kule. Ila kati yao na sisi walipitisha uzio wa seng'enge, nyuzi juu ya nyuzi, na mtaa ukachukua jina hilohilo.

Uzio haukuwekwa kwa ubaya tu. Kuku wa Chuo waliibwa, magodoro yaliibwa, siku moja hata kengele iliibwa. Lakini ulipozungushwa, ulilifungia ndani lambo, bwawa letu la maji. Lambo lile lilichimbwa kwa majembe na wazee wa mtaa, kabla Chuo hakijaota hata tofali moja; wapima ardhi walipokuja, likaangukia upande wa pili. Kuanzia hapo wanawake tulizunguka kwa barabara kuu mpaka geti la mbele, tukaomba ruhusa, tukateka, tukarudi tukizunguka tena. Zahanati nayo ilikuwa hukohuko. Kutoka uani kwangu nilimwona mwuguzi akianika mashuka, lakini kumfikia ilikuwa safari.

Na kura je? Wanachuo walikuwa wengi, na walijiandikisha katika tawi letu. Siku ya uchaguzi walikuja wakiimba, wakapiga kura, wakarudi darasani. Jioni mtaa ukawa umepata kiongozi asiyejua tunateka maji wapi. Hakuna aliyewahi kumsikia Mkuu wa Chuo akiwaambia wamchague nani. Labda hakuwaambia. Labda haikuwa lazima.

Mgombea alikuwa na sera moja. Alipopewa nafasi ya kujieleza alisimama, akavua kofia, akasema, "Ndugu zangu, mimi sina mengi. Geti." Akakaa. Mwenyekiti wa mkutano akamwambia, "Ndugu mgombea, muda wako bado upo." Akauliza, "Wa nini?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu wakaenda kumpigia kura mtu mwingine.

Alipenda salamu kuliko mtu yeyote niliyemjua. Mkuu wa Chuo, mtu wa pwani, mpole, mwenye Kiswahili kinachoteleza kama mafuta, alipopita na gari lake Mgombea alitoka dukani na aproni yake yenye damu, akamsalimu, "Mwangaluka!" Kisha akasimama palepale barabarani, mbele ya gari, akingoja. Mara ya kwanza Mkuu alisema, "Sijambo, mzee." Mgombea hakusogea. Mkuu akamwuliza dereva wake namna ya kuitikia, kisha akaitikia kwa Kisukuma, kwa shida, ulimi ukigongana na meno. Ndipo Mgombea akapisha, akapunga mkono. Baada ya mwaka Mkuu aliitikia vizuri kabisa, tena akicheka. Walipendana hawa wawili, kwa namna fulani ambayo sikuielewa.

Hata nyama ya Chuo aliyeiuza ni yeye. Na aliwauzia iliyo nzuri, paja na mbavu. Sisi wa mtaani tukaambulia shingo. Shemeji yangu mmoja alimfokea, "Unawapinga halafu unawalisha minofu?" Mgombea akafuta kisu. "Mpinzani hapigwi kwa mifupa," akasema. Yeye mwenyewe nyama hakula. Mchana ungemkuta kwenye kigoda anatafuna michembe, viazi vilivyokaushwa, kwa karanga, akiwatazama nzi.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Mtu aliyeomba geti maisha yake yote aliuzungushia ua wake minyaa iliyobanana hivi kwamba paka alitafuta pa kupenya. Kuku wetu aliwahi kuingia kwake, naye akagombana na Baba Kulwa msimu mzima wa kilimo. Nyumbani alikuwa mkali. Binti yake Kabula alipotaka kusoma ualimu, katika Chuo hichohicho, alikataa, akanuna, akasema hatampeleka mwanawe kwa watu wenye uzio. Kisha binti alipochaguliwa, alimbebea sanduku mwenyewe kichwani, akipita kwa kila jirani ili aulizwe anakwenda wapi.

Mwaka huo uchaguzi wa tawi ulipofika, Kabula alikuja katika msafara wa wanachuo, akiimba kama wenzake. Baba yake alikuwa amekaa kwenye benchi la wagombea. Binti aliinamisha kichwa. Jioni, Mgombea akiwa ameshindwa kama kawaida, mtu mmoja alimchokoza: "Hivi Kabula kakupa?" Akajibu, "Kura ni kama nguo ya ndani. Baba haulizi."

Mkewe, Mama Kabula, hakuficha. Alikuwa mwanamke mrefu, mlimaji wa mpunga, wa maneno machache. "Mimi nampikia, nampakulia," alituambia lamboni. "Kura akaitafute kwa wengine." Tulimwuliza kwa nini. "Akishinda ataacha bucha. Nani atafukuza nzi?" Maneno haya yalimfikia mumewe, naye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kuna uchaguzi mmoja ambao mpaka leo wazee wa pale wanausimulia. Ulikuwa wa balozi, na njia iliyoamuliwa ni kupanga mstari: kila mgombea asimame, anayemtaka ajipange nyuma yake. Mgombea hakuipenda njia hiyo. Alisema mtu akitazamwa mgongo, moyo unahama. Lakini walikwishaamua. Mpinzani wake alikuwa mtunza stoo wa Chuo, tuliyemwita Bwana Stoo, mtu mnene mwenye roho nzuri, aliyegawa sukari wakati sukari haionekani.

Wakasimama wawili uwanjani. Asubuhi hiyo nusu ya mtaa walikuwa wamemwambia Mgombea "tuko pamoja." Mimi pia nilimwambia. Lakini gari la Mkuu lilikuwa limeegeshwa pembeni, na ndani yake alikuwamo mtu, nani, sikuona. Watu wakaanza kutembea. Mstari nyuma ya Bwana Stoo ukarefuka ukapinda hadi kwenye vyoo vya shule. Nyuma ya Mgombea palikuwa na nyasi.

Baba Kulwa alinishika kiwiko. "Twende," akanong'ona, nami nikaenda alikokwenda.

Mgombea akageuka, akatazama nyuma yake. Akatazama kwa muda, kama mtu anayekagua shamba. Kisha akavaa kofia yake, akatembea polepole uwanja mzima, akaenda kusimama mwisho wa mstari wa Bwana Stoo.

"Wewe unafanya nini huku?" msimamizi akamwuliza.

"Nimeona huku ndiko kuna watu."

Kicheko kilichoinuka hapo kiliwafanya hata wanachuo ng'ambo ya uzio wachungulie madirishani. Bwana Stoo akatangazwa balozi kwa kauli moja. Alipomaliza kushukuru, mkono uliinuka mwishoni mwa mstari.

"Sisi sote tuliomchagua balozi wetu," Mgombea akasema, "tunaomba atuambie lini tutapata geti."

Bwana Stoo akageuka. Watu wote waliokuwa nyuma yake walikuwa wakimtazama. Ilibidi aseme suala la geti atalifikisha. Hakulifikisha, au alilifikisha likakwama, lakini ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwa mtu wa Chuo.

Nilikuwa sijazoea kuona aibu imemshika mtu naye asiibebe. Basi siku chache baadaye, nikinunua utumbo, nikamwuliza waziwazi. Wengine walikuwa na majibu yao. Padri aliambiwa kwamba ni wajibu wa raia. Baba Kulwa aliambiwa kwamba anapenda tu kusikia jina lake likisomwa kwenye kipaza sauti.

"Mgombea," nikasema, "kwa nini husemi basi, imetosha?"

Akafunga utumbo kwenye gazeti. "Mama Kulwa, ukipiga hodi mahali wasifungue, unafanyaje?"

"Nitadhani hawapo. Nitaondoka."

"Hawa wapo," akasema. "Nawasikia wanakohoa."

Niliondoka na jibu hilo, lakini halikunitosha. Mtu anaweza kuwa na hoja nzuri na bado akachoka.

Halafu likaja la Milembe. Milembe ni wifi yangu, mdogo wake Baba Kulwa, alikuwa amekuja kwetu kujifungua uzazi wa kwanza ili awe karibu na zahanati. Masika yalikuwa makali. Uchungu ulimshika asubuhi, na adhuhuri mkunga tuliyemwita alitoka chumbani akanitazama, nikajua kabla hajasema. Damu ilikuwa nyingi. Tukamlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wakabeba. Tulipofika barabarani, mto ulikuwa umepita juu ya daraja la njia ya kwenda getini. Maji mekundu, yanavuta miti. Hakukuwa na kuzunguka.

Tukarudi hadi kwenye uzio, nyuma ya nyumba yangu. Mwuguzi alikuwa upande wa pili amesimama kwenye baraza ya zahanati, ametuona, ameweka mikono kichwani. Mlinzi wa Chuo naye alikuja mbio, mzee mmoja aliyevaa koti la mvua, akasimama. Sote tulisimama. Milembe alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Mgombea alitokea nyuma yetu na shoka la bucha.

"Mgombea," mlinzi akasema, "ukikata hapo nitakuandika."

"Niandike. Jina langu unalijua."

Akaweka uzi wa kwanza kwenye nguzo, akapiga. Uzi ukaruka, ukamchana shavu. Akapiga wa pili, wa tatu. Uzi wa juu ulikuwa umelegea ukining'inia, na yule mlinzi, bila neno, akauinua kwa rungu lake ili usimguse mgonjwa, akaushikilia hivyo mpaka kitanda kikapita. Kisha akashusha rungu, akatoa filimbi, akapuliza kama kazi yake ilivyomtaka.

Milembe aliishi. Mtoto pia aliishi, msichana.

Mkuu wa Chuo alikuja kumwona mzazi na alileta blanketi. Lakini mali ya umma ilikuwa imeharibiwa, na ripoti ilikwisha kwenda wilayani, na mambo yakiwa wilayani hayarudi. Baba Kulwa aliitwa kutoa ushahidi. Usiku ule hakula. Kazi yake ilikuwa ya Chuo, na mimi nilikuwa na watoto wanne. Sikumwambia aseme nini. Mbele ya hakimu alisema, "Nilikuwa nimemshika dada yangu kichwa. Shoka sikuliona." Hakimu akamwuliza kama alisikia. "Nilisikia mvua," akasema. Nilimpenda mume wangu siku hiyo kuliko siku ya ndoa.

Haikusaidia. Mgombea mwenyewe aliposimama alisema ndiyo, nimekata. Akafungwa, si muda mrefu, akarudi amenyolewa, akisifia maharage ya jela kuwa yameiva kuliko ya Chuo. Uzio ulikuwa umeshazibwa kwa nyuzi mpya.

Mwaka uliofuata madiwani walirudishwa, baada ya miaka mingi halmashauri kutokuwapo. Huu ulikuwa uchaguzi wenyewe. Na mambo yalikuwa yamegeuka kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Dhahabu ilikuwa imesikika Rwamgasa, na wanaume wa kata nzima, vijana kwa wazee, walikuwa wamekwenda mashimoni. Mtaani walibaki wanawake, vilema na Mgombea. Wanachuo nao walikuwa wametawanywa vijijini kwa mazoezi ya kufundisha. Kwa mara ya kwanza kura za kata yetu zilikuwa zetu.

Na kwa mara ya kwanza jina lake halikupita. Kamati ilisema aliyefungwa kwa kuharibu mali ya umma hawezi kupendekezwa. Nilimwona akirudi kutoka ofisi ya tawi. Alitembea katikati ya barabara, akapita bucha yake wazi bila kuingia, nzi wakiwa wamejaa juu ya nyama. Sikuwahi kumwona hivyo. Kushindwa alikuwa amekuzoea. Hiki kilikuwa kitu kingine.

Kesho yake alfajiri Mama Kabula alioga, akavaa kitenge cha kanisani, akaenda ofisini kujiandikisha kugombea. Hakumwambia mtu. Hata mumewe alisikia kwangu.

"Mama Kabula yupi?" akaniuliza.

"Wako."

Akakaa chini kwenye gogo lake la nyama.

Mpinzani alikuwa Bwana Stoo. Kwa utaratibu wa wakati ule wote wawili walipanda gari moja na kuhutubia jukwaa moja, Bwana Stoo alama ya jembe, Mama Kabula alama ya nyumba. Bwana Stoo aliongea vizuri, aliahidi zahanati ya kata. Mama Kabula alisimama mikono imefungwa tumboni. "Mume wangu aliomba geti," akasema. "Mimi nauliza tu. Hapa kuna mwanamke ambaye hajawahi kuzunguka na ndoo kichwani? Anyooshe mkono." Hakunyoosha mtu. Akashuka jukwaani.

Matokeo yalisomwa shuleni, asubuhi, msimamizi akiwa amepanda juu ya dawati. Tulikuwa tumesimama tumebanana, watoto migongoni. Alipotamka kura za nyumba hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu hatukuwa na mazoea. Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa, ya Mgombea:

"Rudia! Huku hatujasikia."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Msimamizi akarudia, na vigelegele vikapasuka hapo. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakitikisika.

Geti lilikuja kabla ya masika mengine. Si kubwa, mlango wa mabati nyuma ya nyumba yangu, mlinzi akikaa na ufunguo. Mkuu wa Chuo alilifungua mwenyewe, akasalimu kwa Kisukuma, akashangiliwa.

Muda mfupi baadaye Baba Kulwa alipata kazi ya mashine za kuvuta maji huko Rwamgasa, tukahamia upande wa Geita. Sikumwona Mgombea kwa miaka. Nilirudi mtaani kwa ajili ya kipaimara cha yule mtoto wa Milembe, na nikakuta uchaguzi mwingine umefanyika jana yake. Mama Kabula ameshindwa. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka mashimoni, wanachuo walikuwa chuoni, na mkufunzi mmoja kijana, mwenye kusema vizuri, amechukua kata.

Nilimkuta Mgombea uani, amezeeka, anakata viazi vya kukausha. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa.

"Amelala?" nikauliza.

"Amekaa. Afadhali angelala." Akanisogezea kigoda. "Jana alishukuru watu vizuri, kwa sauti. Lakini siku ya kwanza unashindwa mbele za watu. Ya pili ndiyo unashindwa nyumbani."

Akasimama, akagonga. "Mama Kabula. Vaa, twende."

"Wapi?" sauti ikatoka ndani.

"Kwa aliyekushinda."

Akajibu kutoka ndani, na neno lilikuwa kali hata mimi nikainamisha macho: "Nenda wewe uliyezoea."

Nilidhani ataumia. Aliegemeza paji la uso kwenye mlango. "Ndiyo maana nakuita," akasema. "Hii kazi naijua."

Tukasubiri. Nikamwuliza polepole, "Wewe ulikuwa unakwenda?"

"Kila mara. Kabla ya saa sita, wakati mtu bado ana furaha. Bwana Stoo nimekunywa chai kwake mara ngapi."

"Hatukujua."

"Ningekwenda ili mjue, ingekuwa kampeni." Akatabasamu. "Wabeja, asante kwa kuja, Mama Kulwa. Akikuona atatoka."

Mlango ukafunguka. Mama Kabula alikuwa amevaa kitenge na viatu, macho yamevimba. Aliniona, akanishika mkono, hakuuachia. Tukaenda watatu, yeye mbele akinivuta, mumewe nyuma na fimbo yake, tukaingia Chuo, tukapita bwalo, mpaka kwenye nyumba za wakufunzi. Watu waliacha kufua wakatutazama.

Mbele ya nyumba ya yule kijana Mama Kabula alisimama muda. Mgombea alitazama pembeni, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusali.

"Hodi," akasema Mama Kabula.

Diwani mpya alifungua akiwa na mswaki mkononi. Alituona, akarudi hatua nyuma, akageuka kumwita mkewe alete viti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hongera. Watu wamekuamini." Akauachia mkono wangu. "Sasa lile lambo limejaa tope, ng'ombe wanazama. Utalisafisha lini?"

Kijana aliangalia mswaki wake, akaniangalia mimi, akamwangalia yule mzee kama anayeomba msaada. Lakini Mgombea alikuwa ameshavuta kiti, amekaa, anasubiri jibu.